Cha Mafuta au Kikavu: Neno la Mkurugenzi kwenye Uzinduzi wa Vichujio vya Magari ya Wagonjwa

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyewakilishwa na msaidizi wako, ambaye naye amemtuma dereva wake, waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wasaidizi, na wanaokaimu nafasi za wasaidizi, ndugu mafundi wa karakana, ndugu madereva, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa naomba izingatiwe. (Makofi, safu ya mbele.)

Nimesimama mbele ya magari yetu manane ya wagonjwa, ambayo mawili kati yake yanawaka, kuzindua Mradi Jumuishi wa Vichujio Endelevu vya Hewa ya Injini. Injini nayo hupumua kama mimi na wewe, na barabara zetu, ambazo ni za idara nyingine, zina vumbi. Kichujio cha karatasi kikijaa hutupwa. Kipo kinachofuliwa na kurudishwa, nacho ni cha aina mbili: cha kitambaa kinachopakwa mafuta ili vumbi linate, na kikavu, ambacho hukung'utwa, huoshwa, hukaushwa, basi. Swali la kimkakati likawa: cha mafuta au kikavu?

Mtu mdogo angeamua kwa dakika tano. Mimi niliunda kamati. (Minong'ono.) Kamati ilikaa vikao kumi na saba, ikafanya semina nne na ziara moja ya kujifunza kwenye mji wa ufukweni ambako, ripoti inasema kwa uaminifu, hakukuwa na vumbi. Asilimia tisini na mbili ya wajumbe waliridhika. Waliobaki waliumwa tumbo.

Nakiri kwamba fundi wetu mkuu, yule pale mwenye ovaroli lililochanika goti, alikuja ofisini kwangu mapema kabisa. Akasema, "Bosi, kwa vumbi hili, na mikono mingi inayoshika haya magari, tuchukue kikavu. Cha mafuta si kibaya, ila kinataka mtu wa kipimo. Ukizidisha, mafuta yanavutwa ndani, yanaganda kwenye sensa ya hewa, kile kidude kinachoipimia injini hewa, gari linaishiwa nguvu." Nikamwambia, "Fundi, andika barua." Akaandika. Nikamjibu kwamba barua yake imepokelewa. Kama huo si utawala bora, sijui ni nini. (Mtu anakohoa.)

Baadaye muuzaji mmoja akatuazima sampuli ya kichujio cha mafuta. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, mbele ya mpigapicha, nilikipaka mafuta. Fundi akaninong'oneza, "Kidogo kidogo, bosi, kisha tukiache kinywe." Nikamweleza kwamba ofisi ya umma haiwezi kuonekana inabania matone, nikamimina chupa nzima. (Vicheko nyuma.) Picha ile imo kwenye kalenda yetu, mwezi wa sita.

Siku ya tatu gari hilo lilitumwa kumchukua mzee mlinzi wa ghala la nafaka, aliyebanwa na kifua saa nne asubuhi. Kwenye mlima wa kiwanda cha matofali injini ikaanza kukohoa, kisha ikazima. Dereva akampigia fundi, fundi akapanda pikipiki, akamkuta binti wa mzee, huyu dada mshonaji wa safu ya pili, analisukuma gari kwa bega. Akafungua boksi la kichujio, mafuta yanachuruzika. Akakitoa, akaisafisha sensa, gari likawaka. Dakika hamsini. Katika ripoti tumeziita "ucheleweshaji mdogo wa kiufundi".

(Mshonaji, bila kupaza sauti: "Baba alikata roho getini, mheshimiwa. Hospitali tunaiona.")

Pole sana dada, nilikuwa nafika hapo. Mzee alifika. Sisi wa usafiri tunahesabu kufika. Ya getini ni ya idara ya afya. Tusimame dakika moja kumkumbuka. (Watu wanasimama.) Inatosha, kaeni, ratiba imebana.

(Mshonaji hakai. "Nauliza kitu kimoja tu. Gari lililokuja leo kumchukua jirani yangu, lina kichujio gani?")

Swali zuri, la kizalendo. Fundi, jibu kwa kifupi.

(Fundi, akitazama chini: "Halina, dada. Nimekata kipande cha sponji la godoro nikakibana humo. Nakifua kila Ijumaa. Najua hakifai, ila vumbi tupu lingeiua injini kabisa.")

Mmesikia wenyewe. Kinafuliwa, hakina mafuta. Kikavu kimeshinda, chini ya uongozi wangu. (Makofi mawili, yanaachwa hapo.)

Kwa hiyo nikisema "hewa safi", ninyi mseme "injini hai". Hewa safi. (Kimya.) Hewa safi. (Dereva aliyemwakilisha mgeni rasmi, peke yake: "Injini hai.")

Nimalizie kwa shukrani. Nalishukuru duka la viatu kwa kutuazima maboksi haya yenye utepe. Wanayataka kabla ya saa kumi, na tafadhali msiyafungue, hayana kitu. Namshukuru muuzaji, ambaye amekwisha kuichukua sampuli yake. Naishukuru kamati, ambayo mpaka leo haijachagua, hivyo hakuna kichujio kilichoagizwa, cha mafuta wala kikavu. Na nawashukuru ninyi nyote kwa kushuhudia uzinduzi wa mradi ambao, karani wangu ananiambia, hauna faili wala namba, na ulipata jina jana jioni tuliposikia wageni wanakuja. Atakayeokota nakala ya hotuba hii anirudishie, maana ndiyo mradi wenyewe.