Mikono Mfukoni

Jumatatu, 4 Machi

Nimeitwa shuleni. Nikavaa shati la harusi, nikijua nakwenda kusifiwa. Daftari la binti yangu wa darasa la kwanza lina mwandiko ambao hata mwalimu mwenyewe hana. Kwa nini usiwe mzuri? Mimi ni mchora mabango, na kazi za nyumbani humwandikia mimi!

Mwalimu hakusifu. Alisema mtoto akipewa chaki anaificha mgongoni na kusema hawezi, aitwe baba. Ana miaka sita, na ameshaamua kwamba hawezi. Niliumia, sikatai. Nikauliza dawa. Akasema nikae naye kila jioni anapoandika, ila mikono yangu iwe mfukoni. Mtoto akiona baba yake anamwamini, naye atajiamini.

Mfukoni tu? Kazi rahisi.

Jumanne, 5 Machi

Suruali yangu ya kazi haina mifuko. Nimeazima koti la shemeji. Nikakaa. Binti akaandika S imegeukia nyuma. Mikono ikaanza kuwasha. Nikakohoa. Akafuta. Akaandika N ya kinyume. Nikakohoa tena. Akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Baada ya robo saa alikuwa haandiki kitu, ananitazama koo tu.

Mke wangu aliniletea dawa ya kikohozi, akasimama pale pale mpaka nikaimeza. Vijiko viwili! Chungu!

Jumatano, 6 Machi

Mbinu mpya: sifa. Nimemsifu alivyoamka. Nimemsifu alivyovaa soksi. Alipomaliza kunywa maji nikampigia makofi. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema siumwi. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama anayeumwa ni yeye.

Mke wangu akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu hata mnazi hajaupanda. Nilijifanya sijasikia.

Alhamisi, 7 Machi

Usaliti! Fundi viatu wa pale kona, tunayemwita Gundi, ametaka bango. Miaka minne namwambia nimchoree, miaka minne ananijibu kwamba viatu vinajitangaza vyenyewe. Leo kazi amempa binti yangu! Mtoto alipita kuchukua viatu vyake vya shule, Gundi akampa bati na kopo la rangi nyekundu, kisha akaendelea kushona bila hata kumtazama. Nami nilikuwa ng'ambo ya barabara, juu ya ngazi, naona kila kitu. Nikaandika DUKA LA DAWWA.

Bango lake linasema TUNASHONA VIATU. S imegeuka. N zote mbili zimegeuka. VIATU hakukosea, lakini tusidanganyane: herufi zake zote tano hata kioo hakizigeuzi. Gundi akalitundika juu ya mlango wake. Binti alirudi nyumbani akiruka kwa mguu mmoja. Hajawahi kuruka hivyo kwa jambo langu mimi.

Wivu? Sina wivu.

Ijumaa, 8 Machi

Mwalimu amenisimamisha langoni. Leo binti amekwenda ubaoni bila kuitwa! Ameandika, amekosea, amecheka, ameandika tena. Mwalimu akanipongeza kwa kuweka mikono mfukoni. Nikapokea pongezi. Nani hukataa cha bure?

Lakini ile S! Nimepita kwa Gundi mara saba. Watu wanasimama, wanacheka, kisha wanavua viatu na kumkabidhi. Anawaambia bango ni kazi ya fundi wa mtaa huu. Fundi wa mtaa huu ni mimi! Watadhani nimelichora mimi! Chai imepoa mbele yangu mara mbili. Mke wangu ameniambia nikae chini, nimemtia kizunguzungu.

Jumamosi, 9 Machi

Saa saba mchana Gundi alikwenda kununua uzi. Dakika kumi zilinitosha. Tapentaini, kitambaa, brashi nyembamba. S ikatazama inakopaswa kutazama. N zikanyooka. Kazi safi, mpaka nikapiga mluzi.

Nikageuka. Binti alikuwa nyuma yangu, kamshika mkono rafiki yake aliyemleta aone bango. Hakulia. Afadhali angelia. Alimwambia rafiki yake, taratibu, kwamba hilo ni bango la baba. Akaenda nyumbani, akaficha penseli zote chini ya godoro. Nikamfuata kumweleza kuwa nimemsaidia. Akasema anajua, kila mara namsaidia, kwa sababu yeye hawezi.

Chakula kilinishinda. Nimemwumiza mwanangu, tena kwa kitambaa cha kufutia rangi.

Jumapili, 10 Machi

Gundi amekuja, bati kwapani. Hata hakunisalimu. Alimwambia binti yangu kwamba kuna mtu ameliharibu bango lake, na hakuna wa kulitengeneza ila mwenyewe. Kisha akanitazama mpaka nikainamia viatu vyangu.

Binti akakataa. Nikapiga magoti. Nikasema kweli tupu: aliyeharibu ni mimi, kwa sababu siwezi kutulia, na S yake ilikuwa yake. Nikamwomba msamaha mbele ya Gundi, ambaye mdomo wake hauna kufuli! Binti akanitazama weee. Kisha akaniamuru nishike kopo kwa mkono mmoja, wa pili niuweke mfukoni. Koti la shemeji likafanya kazi yake.

Akachora. Ulimi nje, rangi mpaka shavuni. S ikageuka nyuma tena, N zikaifuata. Hakuniuliza hata mara moja kama ni sawa. Machozi yalinitoka, nikaisingizia tapentaini. Sijawahi kuzifurahia herufi mbaya kiasi hiki.

Basi. Nimejifunza. Kazi ya mtoto haiguswi. S ni yake na N ni zake, hata dunia nzima icheke.

Ila ile U ya mwisho imelala upande. Kidogo tu. Jana kwa haraka sikuiona, na leo yeye hakuigusa, kwa hiyo ukifikiri vizuri haina mwenyewe. Gundi hufungua saa mbili asubuhi. Brashi nyembamba nimeshaisafisha.