Anayejibu Nyuma ya Darasa

Jumatatu, Septemba 15

Madam Eucabeth, mwenye shule, ametuita ofisini mimi na Kemboi. Wanafunzi wamepungua. Muhula ujao atabaki na mwalimu mmoja tu wa Kiingereza. Jumamosi wazazi watakuja kututazama tukifundisha, kisha ataamua nani anaenda nyumbani. Somo ni maneno yanayotamkwa sawa na maana ni mbalimbali. Flower na flour. Son na sun. Kemboi akatabasamu. Huyu mtu alisomea chuo kikuu kule Njoro na hakuna siku atatuacha tusahau.

Sina wasiwasi. Gredi ya Nne yangu ikiitikia kwa pamoja, mabati yanatetemeka. Nikigonga neno la kwanza ubaoni wanasema ua, la pili unga, la tatu mwana, la nne jua. Kama maji. Kemboi aanze kufunga virago.

Jumanne, Septemba 16

Kemboi ni nyoka. Ameingia darasani kwangu akijifanya anaomba chaki, kisha akagonga maneno kuanzia chini. Watoto wakaimba vilevile, ua, unga, mwana, jua. Kulingana na darasa langu, chapati hupikwa kwa mwana. Kemboi akanipa pole. Pole yake aipeleke huko!

Alipotoka nikageukia ubao kwa hasira nikaandika flour peke yake. Sauti moja ikajibu taratibu, unga. Nikaandika sun. Jua. Nikaandika hare, neno ambalo sijawafundisha. Sungura, na sikuwa nimemaliza herufi ya mwisho.

Nikageuka kumpongeza huyo mtoto. Wote walikuwa wanatafuna penseli. Nimeuliza ni nani amejibu. Kimberly, anayekaa mbele, akasema ni yule wa nyuma. Alisema hivyo bila kushtuka, na wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nyuma hakuna mtu. Kuna ukuta wa mbao tu.

Mwalimu mwingine angekimbia. Mimi nikaona kazi yangu imepona.

Alhamisi, Septemba 18

Mpango uko tayari. Watoto wafungue midomo tu, wasitoe sauti. Yule wa nyuma ajibu. Wameshika haraka sana, mpaka nikashangaa. Na sauti yenyewe imenenepa. Sasa inajibu kama darasa zima. Ndani yake nasikia hata kigugumizi cha Bravin, na Bravin mwenyewe yuko kimya.

Saa ya mapumziko Gredi ya Nne wamecheza mpira bila kelele. Bravin akaanguka, goti likachubuka. Akalia mdomo wazi, machozi yanatiririka, sauti hakuna. Nikaanza kumwendea. Halafu Madam Eucabeth akapita akasifu nidhamu ya darasa langu. Nikashukuru.

Mpishi wetu, Chelangat, ananiambia amesikia watoto wakicheka darasani na wote wako uwanjani. Nimemwambia ni upepo wa kule mlimani Menengai.

Ijumaa, Septemba 19

Mchana nimeingia darasani peke yangu kuweka mambo sawa. Nikauomba ule ukuta, kwa heshima, kwamba kesho usijibu kabla sijauliza. Kisha ukaniambia, kwa sauti yangu mimi, good, sit down.

Nimekaa.

Jumamosi, Septemba 20

Wazazi wamejaa mpaka dirishani. Kemboi alianza. Watoto wake wakakosea hapa na pale, wakacheka, akawarekebisha. Ovyo kabisa.

Zamu yangu, hakuna kosa hata moja. Midomo inafunguka, majibu yanatoka, wazazi wanapiga makofi. Madam Eucabeth ameniinulia kidole gumba. Kemboi alikuwa anaangalia viatu vyake. Raha niliyosikia siwezi kueleza.

Hapo ndipo mama yake Kimberly, anaitwa Trizah, anafanya kazi shamba la maua kule Naivasha, akaomba mtoto wake ajibu peke yake. Akachagua flower, neno la kazi yake. Kimberly akasimama mbele, akafungua mdomo. Jibu likatoka nyuma, ukutani, kwa sauti ya Kimberly.

Trizah akapiga magoti mbele ya mtoto akamwomba amwambie jina lake. Kimberly akafungua mdomo. Ukuta ukasema, Kimberly.

Trizah aliacha mkoba wake palepale, akambeba mtoto mkubwa vile hadi nje ya geti. Huko ndiko Kimberly alianza kulia, na kilio kilikuwa chake mwenyewe. Tulikisikia sote. Wazazi wengine wakakimbia na wao. Bravin alifika getini akapiga kelele bila kuacha, kama mtu anayejaribu kifaa kipya.

Wababa wakabandua mbao zote wakitafuta spika. Hawakupata hata waya. Nimefutwa kazi mbele ya Kemboi kwa kosa la kuficha spika. Nimeonewa. Mimi sijawahi kumiliki spika.

Jumatatu, Septemba 22

Asubuhi, kwa uchungu tu, nimeandika meet kwa chaki kwenye ukuta wa chumba changu hapa Lanet. Kutana, nikaambiwa. Ilitoka karibu na kitanda. Imenifuata! Karibu nilie kwa furaha. Kemboi abaki na shule yake.

Nimebandika tangazo getini. Tuition ya Kiingereza, matokeo ya haraka. Jioni mama mwenye ploti hii ninayopanga ameniletea mjukuu wake, Lynn, wa Gredi ya Tatu. Nimemwekea kiti katikati ya chumba. Sina kingine, wala mwanafunzi mwingine.

Lynn amesimama mlangoni muda mrefu. Mwishowe akaniuliza kama akae kando ya wale watoto au nyuma yao.

Nimemwambia kando. Pia nimemwambia asitoe sauti, afungue mdomo tu.