Mkwe Mzamiaji

Jumatano, 3 Oktoba 1956

Nimefika Matema. Lori kutoka Mbeya hadi Ipinda, kisha miguu, viatu nimevishika mkononi visichakae kabla wakwe hawajaviona. Joto! Na Ziwa Nyasa limekaa mbele ya mlango wao kama mgeni asiyetaka kuaga.

Mke wangu Lusia hakuja kunipokea. Alinisalimia kutoka jikoni, kwa adabu, kama anavyosalimiwa karani wa kodi. Binti yetu Damari alinirukia shingoni. Huyo angalau hana kinyongo.

Kosa langu ni moja tu. Nilibadilisha mbuzi wa Lusia kwa mizinga ya nyuki bila kumwambia. Ningekuwa mfalme wa asali Mbeya nzima! Nyuki wakaikataa mizinga, wakahamia darini. Sisi tukahamia jikoni. Lusia akafunga mzigo, akamchukua mtoto, akaja kwao.

Jioni baba mkwe, Mzee Abrahamu, aliniuliza mbele ya wote ni kazi gani hasa ninayoiweza. Nilikusudia kusema kilimo cha viazi. Mdomo ukasema kupiga mbizi. Mzee akasema vizuri sana, hata hapa watu huenda kwenye miamba kuchoma samaki. Nilidhani wanachoma motoni, nikakubali haraka. Kumbe kwa mkuki, chini ya maji! Mzee akaagiza niende na shemeji Lutengano, nilete samaki niliyemchoma mwenyewe, ndipo tuzungumze habari ya Lusia kurudi.

Sijawahi kuingia maji yanayopita magoti. Kwetu maji ni baridi. Tunaoga kwa awamu.

Alhamisi, 4 Oktoba

Shemeji Lutengano, kaka yake Lusia, ni mtu mpole. Ameniazima miwani ya kuzamia aliyoitengeneza mwenyewe: vipande viwili vya kioo cha dirisha, fremu ya mti, mpira wa baiskeli, lami ya kuziba. Ukiivaa unafanana na bundi aliyefiwa.

Akanieleza desturi yao. Hakuna kuzamia peke yako, kamwe. Mmoja chini, mmoja juu anamwangalia. Na aliye chini hatumii pumzi yote, anabakiza ya kurudia juu. Nikamwambia hata kwetu ni hivyo hivyo.

Mazoezi ya siri nyuma ya nyumba: kichwa ndani ya beseni. Nilibana pumzi vizuri mno! Sikuwa nimetazama kilichomo. Ndizi zilizomenywa za chakula cha jioni. Mama mkwe alitokea, akakitazama kisogo changu, akaondoka.

Hakula ndizi.

Ijumaa, 5 Oktoba

Tatizo limejulikana. Mwili wangu unaelea. Miguu inakwenda chini, makalio yanabaki juu. Nikatumia akili. Nilivaa koti langu la baridi, lina mifuko minne, nikajaza mawe. Lutengano, aliyekuwa anageuza mtumbwi, hakuona.

Nilizama kwa ufanisi mkubwa! Kurudi ndiko sikukupangia.

Lutengano alinifuata, akanivua koti kule kule chini, akanipandisha kwa kola ya shati. Nikatapika nusu ya ziwa ndani ya mtumbwi. Akaniuliza taratibu, shemeji, kwenu mnazamiaje hasa? Nikamwomba asimwambie Lusia. Akasema hakuna haja, Lusia alikuwa amesimama ufukoni muda wote.

Jumamosi, 6 Oktoba

Siku ya soko. Mpango mpya, safi, hauna maji hata kidogo. Nilimpa mvuvi mmoja sweta langu la sufu, akanipa kambale mkubwa. Sweta, kwenye joto hili! Nilimwonea huruma. Nikamtoboa kambale kwa mkuki, nikajimwagia maji kichwani, nikaingia uani natweta.

Mama mkwe akapiga vigelegele. Damari akacheza. Mzee Abrahamu akasimama kunipa mkono. Kisha mama mkwe akamgeuza samaki. Akauliza, kwa upole sana, kama kambale wakimwona mkwe wake huwa wanajitumbua wenyewe.

Alikuwa ametumbuliwa! Tumbo tupu, limeoshwa! Sikumtazama upande ule.

Wamemla. Mimi nimepewa mkia.

Jumapili, 7 Oktoba

Baada ya ibada nilikaa peke yangu kwenye mchanga. Lusia akaja, akaketi kando yangu kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Baba Damari, unajua kuogelea?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Nikasema sijui kabisa. Akacheka mpaka akajifuta machozi. Nilifurahi, maana kicheko hicho sijakisikia tangu nyuki. Lakini machozi hayakuisha, na nikaona kuwa hacheki tena.

"Juzi ulipozama, nilishaingia majini na nguo zangu zote," akasema. "Nilijua sikupati. Mimi simlilii mbuzi. Ungeniomba ningekupa. Ila wewe kila siku unazama peke yako, na mimi nimesimama ufukoni sijui uko wapi."

Nikamwahidi kuwa kuanzia leo nitamwambia kila mpango kabla sijauanza. Nilimaanisha.

Akasema kesho twende wote, yeye na mimi. Kumbe mke wangu ni mzamiaji tangu utotoni. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumuuliza.

Jumatatu, 8 Oktoba

Ziwa lilikuwa limetulia kama uji uliopoa. Lusia akajifunga nguo vizuri, akanilaza chali juu ya maji, mikono yake chini ya mgongo wangu. "Pumua polepole," akasema. "Nipo." Nikapumua. Baadaye nikagundua mikono haipo, na mimi bado naelea! Nikashtuka, nikazama. Tukaanza upya.

Kisha akanivisha miwani, akanishikisha mwamba, nikatia uso majini. Sijui niandikeje. Mawe makubwa kama nyumba, na samaki wadogo wa buluu, wa njano, wenye mistari, kila mmoja mlangoni kwake anafukuza jirani. Nikapiga kelele kwa furaha. Huko chini haifai.

Akachukua mkuki, akazama. Taratibu, kama mtu anayeingia chumbani kwake. Kazi yangu ilikuwa kukaa juu kumwangalia. Akapita chini ya mwamba, nisimwone tena. Maji yakanyamaza. Nikasubiri. Nikaomba kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kisafwa cha kwetu. Nikajaribu kumfuata, makalio yakakataa. Hata ndani ya koti la mawe sikuogopa hivyo.

Akaibuka na kambale, hai, hajatumbuliwa. Akaniuliza mbona ninalia. Nikasema ni lami ya miwani. Akanifuta kwa kiganja, kisha akanishika mkono mpaka ufukoni.

Jioni Mzee Abrahamu akauliza nani amemchoma huyu. Mdomo ukafunguka wenyewe, kama kawaida yake. Nikamwona Lusia ananitazama.

"Lusia," nikasema. "Mimi nilikuwa juu, namwangalia."

Mzee akatafuna kwa muda mrefu. Kisha akasema hilo ndilo jibu langu la kwanza alilolimeza bila kutafuta miba. Akamgeukia binti yake, akamwambia uamuzi ni wake. Lusia akasema lori linapita Ipinda kesho.

Alhamisi, 18 Oktoba

Mbeya. Nyuki wameondoka wenyewe, darini kumebaki asali kidogo. Damari anapaka kwenye viazi. Lusia anaimba akichota maji. Mimi ni mume mwenye furaha kuliko wote mkoani.

Na nimepata wazo! Bwawa! Hapa hapa nyuma ya nyumba, kati ya matuta ya viazi. Kambale kutoka Matema, waletwe kwa madebe. Watazoea baridi, mimi mbona nimezoea? Watu watakuja kujifunza kupiga mbizi, mwalimu ni mimi. Leo asubuhi nimeanza kuchimba. Lusia nimemwambia ni choo, ili nimshangaze bwawa likishajaa. Hii si kumficha. Ni zawadi.

Alisimama akatazama shimo, refu kama kanisa. Akaenda kuchukua jembe la pili, akaanza kuchimba upande wa pili. Tulipopumzika akauliza jambo moja tu: maji ya choo hiki tutayatoa mto upi? Nikamweleza kuwa vyoo vya kisasa vinataka maji mengi.

Ameniamini kabisa.