Nukta ya Wanja

Sogeeni, enyi wenye masikio, nanyi mnaotafuna mmeze kwanza, niwasimulie vita vikuu vilivyopiganwa ndani ya kasha la plastiki, pale mjukuu wangu Kinyozi, Simba wa Mashine, Mtiisha Visogo, alipoatamia mayai ya nyoka ilhali hana hata unyoya mmoja.

Nyoka wake mpole, Mkufu, aliyemlea tangu akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu, alitaga kwa mara ya kwanza. Ndipo mkewe, ambaye mimi bibi humwita mke mwenzangu, akasimama mlangoni, maana chumba cha nyoka haingii, akatangaza masharti:

“Yakianguliwa, Mkufu abaki. Yakioza, atoke yeye na harufu yake!”

Shujaa akaingia kazini. Akalowanisha udongo mwepesi, akayalaza mayai, akawasha balbu ya joto. Kisha akachomoa silaha ya siri, akatia nukta nyeusi juu ya kila yai.

“Huo si wanja wangu?” mke akanguruma.

“Naazima tu, mama. Nukta lazima itazame juu daima.”

Nami, mfugaji mkongwe wa kuku, nikanyoosha mkono wa msaada. “Yageuze, mume wangu! Kuku hugeuza yake kila siku.”

“Bibi, usiguse! Haya ukiyageuza, mtoto anafia ndani.”

Nikaurudisha mkono. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Wiki zikapita kwa amani, hata adui akaja mchana kweupe: umeme ukakatika. Simba yuko kazini, ameacha simu nyumbani, na kasha linapoa kama chai ya mgonjwa. Miguu yangu nayo ilikuwa imeshagoma siku ile.

“Mke mwenzangu,” nikaita, “mayai yanapoa, Mkufu anatutoka.”

Akasema, “Mimi? Thubutu!”

Lakini nikasikia birika likichemka. Akaingia, enyi watu, jicho moja limefumbwa! Akapanga chupa za maji ya moto kando ya kasha, akalifunika kwa sweta lake jipya, lile asilomwazima hata dada yake. Yai moja lilikuwa limeegemea ukuta wa kasha, akalisogeza kwa kijiko, polepole, akinong'ona, “Nukta juu. Nukta juu.”

Ikawadia asubuhi ya ushindi. Ganda likachanika pembeni mwa nukta, pua ndogo ikachungulia, ikatoa ulimi kuuonja ulimwengu. Shujaa akalia machozi ya waziwazi, kisha yai la pili likachanika, na la tatu, na yote.

Mke akatazama kutoka mlangoni. Halafu, kwa hiari yake, akavuka kizingiti.

“Hawa wamelala na sweta langu,” akasema. “Nani atathubutu kuwafukuza?”

Basi vizazi na viambiwe: siku hiyo ukoo wetu uliongezeka, Mkufu hakuhama, na Simba wa Mashine akaenda dukani, kifua mbele, kununua wanja mpya.