Mbunifu Asiyesema wa Valby

Torkil Brammer alikuwa anafunga baiskeli yake mbele ya ukumbi wa maonyesho, hana mpango wowote siku hiyo zaidi ya kuonja kahawa ya bure, alipomwona mwanamke mmoja aliyevaa koti zito la sufu katikati ya Agosti. Ilikuwa siku ya kwanza ya wiki ya mitindo, siku ambayo watu wa Kopenhagen hujitazama kwenye kila kioo cha dirisha wanalolipita. Mwanamke huyo alikuwa ametoka kubishana na mlinzi wa mlangoni, kwa upole, kama wabishanavyo wageni, na alikuwa ameshindwa. Wapiga picha waliojazana kwenye ngazi wakadhani koti lile limevaliwa makusudi, wakamkimbilia. Alipigwa picha kama arobaini huku akitafuta leso ya kufutia jasho.

Torkil aliona riziki yake imesimama pale inatokwa na jasho.

Alikuwa na miaka arobaini na sita, mabega mapana, na sauti ambayo ilimfanya hata mtu anayeulizwa njia ajione ameheshimiwa. Kazi yake, kama ingeweza kuandikwa kwenye kadi, ilikuwa kuwauzia watu vitu wanavyovitamani ambavyo havipo. Mwaka uliopita alimuuzia mwenye hoteli mmoja Mjerumani haki ya kumpa jina batamaji wa ziwa la mjini. Batamaji mwenyewe hakuambiwa.

Mgeni huyo aliitwa Lorraine Quigg. Alitoka Toowoomba, Australia, ambako Agosti ni majira ya baridi, na huko alikuwa na maduka matatu ya nguo, ndivyo alivyosema, na mwaliko wake aliununua kwenye mtandao. Mlinzi alikuwa amemwonyesha kwamba ni wa mwaka jana. Torkil hakumwonea huruma, maana huruma ya mtu usiyemjua hutia wasiwasi. Alimwambia kwamba mlinzi amemfanyia hisani.

"Humo ndani hamna kitu, bibie. Wanaojua mambo hawaji hapa."

"Wanakwenda wapi?"

"Hilo siwezi kukuambia."

Jibu hilo lilishawahi kumlipia Torkil kodi ya nyumba miezi mingi. Walipofika kwenye andazi la pili la iliki, katika mkahawa wa jirani, Lorraine alikuwa amemtoa siri yote. Alikuwapo mbunifu mmoja, Ulrikke Skarre, aliyeonyesha kazi yake mara moja kwa mwaka mbele ya watu kumi tu. Hakuwa na simu, hakupigwa picha, na alikuwa hajatamka neno kwa miaka tisa, kwa sababu aliamini maneno huharibu kitambaa. Torkil mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa anamfahamu, kwani alikuwa anambuni palepale huku akipaka siagi. Mwisho akamwapisha Lorraine asimwambie mtu yeyote, akapokea kiingilio chake kwa fedha taslimu, wakaagana. Kufika kesho yake jioni, wageni tisa wengine walikuwa wameshampigia simu kwa kunong'ona. Torkil alikuwa amewatarajia tangu wakati wa kiapo.

Sasa alihitaji mbunifu, nguo na mahali. Vyote vitatu vilikuwa kwa mtu mmoja, na mtu huyo hakutaka hata kumsikia.

Bodil Ravnkilde, mama wa aliyekuwa mke wake, alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alikata na kushona nguo za jukwaani katika tamthilia za mjini kwa miaka thelathini na minane, mpaka chumba cha ushonaji kikafungwa na kazi ikapelekwa nchi ya mbali inakofanyika kwa bei ndogo. Walimuaga kwa shada la maua na kikombe. Tangu hapo kila kiangazi alihamia kwenye kibanda chake katika bustani za kukodi za kitongoji cha Valby, yeye, cherehani yake na matuta ya viazi.

"Mama mkwe," Torkil alisema akiwa langoni.

"Mkwe wa nani?" Bodil hakuinua kichwa kwenye viazi. "Uliuza piano ya binti yangu siku aliyotoka kwenda kununua vitabu vya muziki."

Torkil alikubali kwamba lile la piano halikupangwa vizuri. Kisha akaeleza jambo lake. Wageni watakuja kuona nguo na kuagiza. Bodil atavaa nyeusi, atakaa kitini na hatasema kitu. Kuhusu kiingilio hakugusia, aliona ni maelezo madogo madogo yatakayomchosha mzee wa watu.

"Kunyamaza ukiwapo wewe si kazi," Bodil alisema. "Lini umemwachia mtu nafasi? Nenda zako."

Torkil alikuwa ameshashika lango aondoke, akasema kwa mazoea tu, kama anavyosema mengi, kwamba ni hasara mikono kama ile kukaa miaka sita bila mtu kuitazama kazi yake. Kwake ilikuwa sifa ya kutongozea. Lakini Bodil alisimama. Alijifuta udongo, akaitazama mikono yake pande zote mbili, akamwuliza nguo zenyewe ziko wapi.

Torkil alileta mifuko mitatu ya mitumba. Nia yake ilikuwa kuzichana, kuzining'iniza upande upande na kuziita sanaa. Bodil alizitupia jicho moja akamwambia kwamba nguo mbovu kwa jina la uongo ni uongo mara mbili, na yeye ataweza mmoja tu. Akafumua hema la zamani, mashuka ya kitani, mablanketi na turubai la kufunikia baiskeli ya mizigo, akaanza kukata. Kwa siku nne jirani walisikia cherehani na mluzi. Torkil alipita kila mchana kumwomba apunguze juhudi, maana hakuna atakayeangalia ndani ya mshono.

"Mimi nitaangalia," Bodil akasema.

Jumamosi saa nne asubuhi wageni kumi waliongozwa katikati ya vichaka vilivyokatwa vizuri, wakinusa soseji za jirani kwa heshima kubwa. Torkil alikuwa amekwisha kubeba viti mwenyewe, na kwa ajili ya joto akatundika koti lake kwenye mtufaha. Ndani ya bitana ya koti hilo, kupitia tundu la mfuko, alikuwa ameficha bahasha yenye viingilio vyote. Saa nane ndege ya Malaga, Hispania, ingeondoka, naye angekuwa ndani yake, pamoja na malipo ya mwanzo ya kila atakayeagiza nguo. Bodil angebaki na maagizo.

Wanamitindo walikuwa majirani. Mkunga mnene alitoka kibandani amevaa gauni la hema, akapita kati ya viazi na maharage bila haraka, kama mtu anayekwenda kuchota maji. Dereva mwanamke wa basi akafuata katika koti la buluu lililokuwa turubai. Hakuna aliyecheka. Wageni walioona maonyesho sita kwa siku tatu, na kuchoka yote sita, waliacha kujipepea. Bodil alikaa kitini, amevaa nyeusi, kimya. Kila Bodil alipoinua nyusi, Torkil alieleza maana yake kwa dakika tano.

Ndipo Lorraine Quigg alipopiga magoti kwenye majani, akamwomba dereva avue koti la buluu, akaligeuza ndani nje. Alipitisha kidole kwenye kila mshono.

"Nani alikata kwapa hili?" aliuliza.

"Hasemi, bibie," Torkil akadakia. "Huacha nyuzi zimsemee."

"Mimi," Bodil alisema.

Kiingereza chake alikipata kwa waigizaji wa kigeni aliowabana viuno akiwapima nguo. Kilikuwa cha kizamani kidogo, lakini kilisikika mpaka uani kwa jirani.

"Mimi ndiye niliyekata. Na siitwi Ulrikke. Naitwa Bodil Ravnkilde, nimekuwa fundi maisha yangu yote, na huyu mwongo aliwahi kuwa mume wa binti yangu."

Torkil alifumba macho akingoja kelele. Hazikuja. Mwanamke mmoja kutoka Lisbon alikuwa anafuta machozi. Alikuwa ameshuhudia kimya cha miaka tisa kikivunjwa, na jina la bandia likivuliwa hadharani kama nguo. Akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na Torkil, asiyeweza kuiacha nafasi ikapita, akapiga kuliko wote.

Katika zogo hilo Lorraine alimsogelea Bodil. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba na yeye hana maduka matatu. Analo moja, katikati ya bucha na duka la dawa, na aliweka akiba miaka miwili aje aone jinsi wakubwa wanavyofanya, arudi akaige. Bodil alimjibu kwamba kuiga mshono ule kungemchukua mwaka mzima, afadhali auagize. Lorraine akasema angeagiza kwa furaha, ila kiingilio kimemmaliza.

"Kiingilio kipi?" Bodil aliuliza.

Alipoambiwa, alikazia macho lile koti mtini, bitana yake imevimba upande mmoja. Aliinuka, akapita chini ya mtufaha, akaingia kibandani.

Wageni walidhani yamekwisha. Baada ya robo saa mlango ukafunguliwa, akatoka Preben, mfanyakazi wa posta aliyestaafu, amevaa koti la Torkil. Lilikuwa limegeuzwa, bitana iko nje, mikono imekatwa kwenye viwiko, na mgongoni pana kiraka cha turubai la buluu. Torkil alijua ni lake kwa doa la kahawa.

"Hilo haliuzwi," alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile sauti yake ilikwaruza.

Hapo ndipo kila mtu alipolitaka. Mbelgiji mmoja wa Ghent, Wouter, mrefu na mwenye haraka, alikuwa ameshafika kwa Preben. Torkil angefanya nini? Kusema ni koti lake kungeleta swali la limefikaje pale, na kusema mna fedha ndani kungeleta swali la ni za nani. Alitaka kulinunua yeye, lakini hakuwa na hata krona moja nje ya koti hilo. Bodil alitaja bei ya huruma. Wouter akalipa, akalivaa, akaaga akisema ndege yake inaondoka baada ya muda mfupi, akaingia kwenye teksi iliyomngoja.

Torkil alisahau malipo ya mwanzo, alisahau Malaga. Alirukia baiskeli.

Kutoka Valby mpaka uwanja wa ndege wa Kastrup ni mwendo wa haja kwa mtu asiyependa kutoa jasho, na upepo ulikuwa wa mbele njia nzima. Wakati anahema darajani, Bodil alikuwa anagawa kahawa na keki kule bustanini. Chini ya kila sahani, kila mgeni alikuta noti zake mwenyewe za kiingilio zimekunjwa pamoja na kipande cha karatasi chenye jina la Bodil na namba ya simu. Lorraine alizitazama noti zake, akazisukuma mezani kumrudishia mwenye keki, akasema hizo ni za makoti sita ya buluu kwa kuanzia, na wakaanza kubishana vipimo.

Torkil alimkuta Wouter kwenye foleni ya ukaguzi. Alikuwa amelowa kama aliyevuka mfereji kwa kuogelea, lakini ulimi ulikuwa umepona.

"Bwana, samahani sana. Fundi amesahau sindano ndani ya bitana. Itakuchoma, na hawa wakaguzi hawatakuelewa. Nipe dakika moja tu."

Wouter, aliyeogopa sindano tangu utotoni, alivua koti mara moja. Torkil aliligeuzia ukutani, akachana bitana kwa meno, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alipapasa huku, akapapasa kule. Kisha akasema "ai" na kuutoa mkono haraka.

Kwenye kidole chake cha shahada palikuwa na tone la damu. Sindano ilikuwamo kweli, imechomekwa kwenye kijitambaa cha turubai, na ilikuwa imeshatungwa uzi mrefu wa buluu. Hamkuwa na kingine.

"Kumbe ulisema kweli," Wouter alisema, naye alionekana kuguswa. Aliangalia saa, kisha akaangalia bitana iliyoning'inia. "Haya, lishone basi. Nina dakika ishirini."

Nyuma yao watu walikuwa wameanza kusogea kutazama. Torkil Brammer akakaa kwenye kiti cha chuma, akalaza koti lake mapajani na kuanza kushona.