Sinema Iliyoanguka kwa Kura Tano

Wananchi wote wanaarifiwa kwamba jengo la sinema lilianguka siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwa utaratibu mzuri na bila kuumiza mtu. Lilianguka katika chumba cha mikutano, ghorofa ya pili, kwa kura tano za ndiyo na hakuna ya hapana, mara tu baada ya chai. Kwamba jioni ile ile watu walijaa mle ndani, wakatazama picha mpaka mwisho, wakatoka wamenawa mikono chooni, hilo ni suala la uelewa mdogo wa wananchi, na Kamati ya Kuondoa Majengo Yasiyo na Tija inalishughulikia.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa mtu wa huruma. Aliona kwamba sinema ikipigwa mnada ikiwa nzima, bei yake ni ya matajiri. Ikiuzwa kama kifusi, hata mnyonge anaweza kuinunua. Na mnyonge alikuwepo: shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza magodoro. Mwenyekiti mwenyewe alikatazwa na sheria kununua, na yeye na sheria waliheshimiana sana, hawakuwa wakitembeleana. Nyumbani mkewe alikwisha kuchagua rangi ya mapazia. Sinema ingekuwa ukumbi wa harusi, na jina la bibi mwenye nyumba lingekaa juu ya mlango kwa taa za kuwaka na kuzima.

Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Siku ya Alhamisi kilipiga hodi mara moja, kikaingia, kikakaa kitini bila kukaribishwa.

Mama Tiketi alikuwa amekata tiketi pale sinema miaka ishirini na sita. Yeye, fundi wa mashine na mfagizi walikuwa wamechangishana ili wainunue wao wenyewe. Fundi aliuza pikipiki. Mfagizi aliuza cherehani na kitanda, akabaki na godoro chini. Wakiikosa sinema, kazi imekwisha, na kwa umri wao hakuna wa kuwaajiri tena.

"Mheshimiwa, nasikia sinema imeanguka."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Ila nimetoka humo sasa hivi."

"Umetoka kwenye kifusi."

"Kifusi kina feni?"

"Mama, usibishane na taarifa ya kitaalamu. Ina kurasa arobaini."

"Huyo mtaalamu alikuja lini kutazama?"

"Haji. Akija atayumbishwa na anachokiona."

Mama Tiketi akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mgonjwa anayeelezwa dawa. "Haya, baba. Basi niandikie barua. Watu wananiuliza, na mimi shule yenyewe niliishia darasa la saba. Andika kwamba jengo halipo, wakisoma wataniacha nipumue."

Mwenyekiti alipenda kuombwa barua kuliko kuombwa radhi. Akaiandika papo hapo, kwa mkono wake: katika kiwanja kilichotajwa hapo juu hakuna jengo la aina yoyote, na kiwanja ni kitupu. Akapiga muhuri. Akautazama, akauonea huruma kwa upweke, akauongezea wenzake wawili.

Mama Tiketi alishukuru mpaka mlangoni. Hakushuka ngazi. Alikata kushoto, akaenda kupanga foleni dirisha namba sita.

Mnada ulifanyika Jumatatu, ndani ya kifusi, kwa sababu ukumbi wa Kamati ulikuwa umepakwa rangi. Wajumbe walikaa safu ya mbele, kwenye viti vya kukunja, wamevaa kofia za ujenzi. Dalali alipanda jukwaani chini ya pazia, akawasha kipaza sauti cha sinema.

"Kifusi kimoja, kikubwa, kimelala. Mnunuzi atakiondoa kiwanjani ndani ya saa sabini na mbili, na akishindwa atakiondoa mdhamini wake. Nani ananunua?"

"Mbona kifusi kina mwangwi?" akauliza mtu wa nyuma.

"Kimya! Kifusi hakiulizwi maswali."

Shemeji akanyoosha mkono. Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyemdhamini, akageuka kumtafuta Mama Tiketi. Alikuwa na fomu tayari mfukoni ya kumkatalia. Yule mama alikuwa amekaa safu ya kati, mkoba mapajani, anatazama pazia jeupe kama anangoja picha ianze. Hakunyoosha hata kidole. Mwenyekiti akajisikia kudharauliwa kidogo, akairudisha fomu yake mfukoni. Nyundo ikagonga.

Shemeji hakutokea mpaka siku ya tatu, maana alikuwa anazunguka madukani kutafuta taa. Alikuja na fundi wa makufuli. Mama Tiketi akampokea vizuri, akamzungusha uani nyuma ya vyoo, akamwonyesha rundo la plasta na vigae vilivyovunjika wakati wa kutengeneza bomba.

"Mali yako hii hapa, mwanangu. Weka sahihi."

"Mimi nimenunua sinema!"

"Wewe umenunua kifusi. Na kifusi chako kimelala kwenye kiwanja changu."

Mwenyekiti aliitwa, akafika na Mkaguzi kutoka makao makuu, mama mmoja mwembamba mwenye miwani, aje amwondoe mvamizi. Mkaguzi akapewa karatasi mbili. Ya kwanza ni ile barua yenye mihuri mitatu. Ya pili ni hati kutoka dirisha namba sita, ambako kiwanja kitupu cha serikali huuzwa kwa atakayetangulia kuomba, alimradi athibitishe kwa maandishi kwamba ni kitupu. Mama Tiketi alikuwa na uthibitisho. Pikipiki, cherehani na kitanda vilitosha, na chenji ikabaki.

"Mwenyekiti, hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu, lakini mazingira yake..."

"Sijauliza mazingira. Hapa mbele yetu pana jengo au hapana? Likiwepo, taarifa yako ya kurasa arobaini ni ya uongo, na leo tunaondoka wote kwenye gari langu. Kama halipo, sielewi unalalamikia nini."

Mwenyekiti akautazama ukuta. Akatazama paa. Ndani fundi wa mashine alikuwa anajaribu sauti, na ngoma ya filamu ikatetemesha madirisha.

"Halipo," akasema.

"Sema kwa sauti, naandika."

"Halipo, mheshimiwa!"

"Vizuri. Sasa kile kifusi cha watu. Zimebaki saa mbili."

Mwenyekiti akamgeukia shemeji.

"Usiniangalie mimi," shemeji akasema, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari. "Mimi ni mtu wa magodoro. Na dada ameshapiga simu, anauliza mapazia ayapeleke wapi. Hilo nalo utamjibu wewe."

Mfagizi, mtu wa heshima zake, akaleta toroli na koleo. Mwenyekiti akavua koti, akalikunja, akakosa pa kuliweka, akalivaa tena.

Watu wa filamu ya saa kumi walikuwa wameanza kupanga foleni. "Kata kushoto, mheshimiwa! Kushoto! Hapo kuna tope!" wakamsaidia. Mama Tiketi alifungua dirisha lake kwa wakati, lakini filamu ilichelewa kuanza kwa nusu saa, kwa sababu hakuna mtazamaji aliyekubali kuingia ndani kabla toroli la mwisho halijatoka getini.