Kibatari Kimewaka Mbele ya Watu wa Hakimiliki

Jamani, leo nimejiumbua. Hakuna aliyenisukuma. Nimesimama kwa miguu yangu, nikashika maiki kwa mkono wangu, nikajimaliza kwa mdomo wangu. Mpaka sasa hivi naandika haya masikio yananiwaka moto.

Kwa msionijua, mimi ndiye Dj Kibatari. Ndiyo, yule yule. Ukiangalia muvi ya Kikorea halafu ukasikia mtu anakueleza kwa Kiswahili nani kamsaliti nani, na kwa nini yule mama mkwe ana roho mbaya, ujue ni mimi huyo, niko chumbani kwangu Sombetini, nimejifunika blanketi ili mwangwi usiingie. (Kikorea sijui hata neno moja. Nasoma yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, na pale nisipoelewa natia chumvi. Hakuna aliyewahi kulalamika.) Nina tovuti yangu. Watu wanapakua, matangazo yanaingiza chochote, mke wangu anapika, maisha yanakwenda.

Sasa kuna kiumbe anaitwa Side, wa kule Sokon One. Naye ana tovuti. Kazi yake ni kuchukua muvi nilizotafsiri mimi, anakata pale mwanzo ninaposema, "Kibatari kimewaka! Kaeni mkao wa kula!" anabandika jina lake, anaziweka kwake. Sauti yangu! Jasho langu la chini ya blanketi! Ikafika mahali watu wananisimamisha njiani: "We Elisante, mbona siku hizi unaiga sauti ya Dj Side?" Nikawa nakula sishibi.

Ndipo nikasikia watu wa hakimiliki wanakuja kutoka Dar. Kuna sheria inapendekezwa, ya kufungia tovuti zinazosambaza kazi za watu bila ruhusa, na wanataka maoni ya wadau wa Arusha. Nilipiga makofi peke yangu jikoni. Side kwisha habari yake!

Mke wangu Neema akaweka sufuria chini akaniangalia.

"Baba Glory, hizo muvi unazotafsiri ni za nani?"

"Za Wakorea."

"Wanakujua?"

"Wakorea watanijulia wapi mimi?"

"Basi nenda, kaa nyuma, sikiliza, urudi. Mdomo usiufungue. Hiyo tovuti ndiyo inayotulisha, na mtoto anakunywa maziwa kwa hiyo tovuti. Umenisikia?"

Nilimwahidi. (Ahadi ilidumu mpaka nilipomwona Side.)

Basi leo asubuhi, baridi ya kukata masikio, Meru yote imejifunika mawingu, mimi huyo na koti langu la harusi mpaka ukumbini kule karibu na Mnara wa Saa. Nikakaa nyuma kabisa, kiti cha mlangoni. Nikafunga mdomo. Mume bora.

Mara akaingia Side. Shati jeupe limenyooka, kadi imening'inia kifuani, imeandikwa "Mtafsiri wa Filamu." Akapita katikati ya viti akasalimia wazee, "Shikamooni, shikamooni," akaenda kukaa mstari wa mbele. Wa mbele! Moyo ulianza kunidunda kiasi kwamba jirani yangu aliniuliza kama naumwa.

Afisa aliyekuja alikuwa mama mmoja mpole, ana miwani, anaongea taratibu kama muuguzi anayetaka ukunje shati uchomwe sindano. Akasema, "Sheria hii ikipita, mwenye kazi akilalamika na akathibitisha, tovuti inafungiwa nchi nzima. Leo sikuja kufundisha. Nimekuja kuwasikiliza ninyi."

Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Naftali, anayetengeneza filamu zake kule Moshono. Mzee ana uchungu, tena uchungu wa kweli.

"Filamu yangu ya mwisho waliigiza majirani zangu wote," akasema. "Tumepiga picha kwenye matope, kwenye mvua, mke wangu kapika ubwabwa wa watu wote. Siku ya uzinduzi watu hawaji. Nauliza, vipi? Naambiwa, mzee, tulishaiona mtandaoni. Mheshimiwa, fungia. Fungia zote, usibakize!"

Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nikapiga kuliko wote. (Sikufikiria hata kidogo kwamba "zote" ina maana ya zote.)

Kisha akasimama Mama Shamsa. Ana kibanda umiza cha kuonyeshea muvi huko huko Sokon One, mabenchi, televisheni moja, na vumbi la kutosha. Mama huyu haogopi mtu.

"Mheshimiwa, mimi nauliza tu. Wateja wangu Kiingereza hawajui. Kikorea ndiyo kabisa. Siku za mnada wanakuja wazee wa Kimasai wameshauza mbuzi wao, wanataka kuona muvi waelewe. Mama yangu mzazi hajui kusoma, lakini mwulize habari za yule malkia wa Korea, atakusimulia mpaka alie. Sasa hizo muvi za Kiswahili zinauzwa duka gani hapa Arusha? Mwenye muvi amewahi kuja kutuuzia tukakataa? Mkifungia, mama yangu aangalie ukuta?"

Watu wakanong'ona. Afisa akasema, "Hiyo ni hoja, mama. Naichukua." Mimi machozi yalinilengalenga. Ni mimi yule anayesemwa! Mama wa mtu analia kwa ajili yangu!

Halafu Mama Shamsa akamalizia: "Ndiyo maana tunamshukuru sana kijana wetu huyu hapa, Dj Side."

Side akasimama. Akainama kidogo. Akaweka mkono kifuani.

"MWONGO!"

Ukumbi mzima uligeuka nyuma. Na mimi niligeuka nyuma kumtafuta aliyepiga kelele, nikakuta ukuta. Kumbe ni mimi.

"Njoo mbele, kijana," afisa akasema. "Lalamiko lako ni nini?"

Nilikwenda. "Mheshimiwa, huyu ananiibia. Sauti ni yangu, maneno ni yangu, yeye anakata jina langu tu. Nataka tovuti yake ifungiwe. Leo!"

Side wala hakushtuka. "Huyu namjua, mheshimiwa. Ananiiga. Wivu tu unamsumbua."

Nusura nimrukie. Nikasema fungueni tovuti yake hapo ukutani, fungueni muvi ya nyambizi, mtaona. Wakafungua kwenye projekta. Nyambizi iko chini ya bahari, giza, mabaharia wanavuja jasho, na katikati ya ukimya ule, kokorikooo! Jogoo.

"Mnasikia?" nikapaaza sauti. "Chini ya bahari kuna jogoo? Huyo ni jogoo wa mama mwenye nyumba wangu, Sombetini!"

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Side akasubiri wanyamaze. "Hata sisi kwetu tunafuga," akasema.

Afisa akavua miwani akaifuta. "Jogoo hawezi kuwa ushahidi. Anayelalamika lazima athibitishe kazi ni yake. Basi tufanye hivi. Tunazima sauti ya filamu, kila mmoja wenu atafsiri hapa, tusikie."

Simu ikatetemeka mfukoni. Neema ameandika: Umekaa nyuma? Nikairudisha mfukoni.

Akaanza Side. Picha inakwenda, kapteni wa nyambizi anamfokea msaidizi wake. Side akashika maiki kama ameshika chura. "Eee… huyu jamaa… anaongea na huyu mwenzake. Eee… sasa anafungua mlango. Amefunga." Mtu akakohoa. "Eee… amefungua tena." Jasho lilimtoka mpaka shati jeupe likaganda mgongoni. Akarudisha maiki mwenyewe bila kuombwa.

Zamu yangu. Afisa hakunipa maiki mara moja. Aliishika kidogo, akaniangalia usoni. "Kijana, una uhakika unataka kuthibitisha kwamba sauti hii ni yako?"

Angekuwa mtu mwingine angejiuliza kwa nini anaulizwa hivyo. Mimi nikasema, "Asilimia mia, mheshimiwa!"

Nikavuta pumzi.

"KIBATARI KIMEWAKA! Kaeni mkao wa kula! Mnamwona huyu kapteni alivyonuna? Hajanywa chai huyu! Ameambiwa chombo kinavuja, na fundi aliyekiziba ni shemeji yake! Msaidizi anamwambia, bosi, si nilikwambia ndugu wa mke usiwape kazi? Kapteni anasema, nyamaza, hujui ninayoyapitia nyumbani! Mtazameni anavyoliangalia lile bomba. Eti limepasuka wapi? Pale pale alipoziba shemeji!"

Ukumbi ulilipuka. Mzee Naftali alikuwa anafuta machozi kwa kofia. Mama Shamsa amesimama juu ya kiti anapiga kelele, "Ni yeye! Wallahi ni yeye!" Mimi kichwa kimevimba, nasikia raha ambayo sijawahi kuisikia, na mdomo, jamani, mdomo umeshazoea. Kuna maneno nayasema kwenye kila muvi bila kufikiri. Yakatoka yenyewe.

"Na muvi hii, watu wangu, hata kwao huko bado hawajaiona! Haiuzwi popote! Unaipata kwa Kibatari peke yake, bure kabisa, pakua, mpe na mwenzako!"

Makofi. Vigelegele. Hata afisa alipiga makofi. Kisha akainua mkono, watu wakanyamaza.

"Kuna mtu bado ana shaka kwamba sauti hii ni ya huyu kijana?"

"Hakunaaa!" ukumbi mzima. Na mimi nikaitikia. Nilisema "hakunaaa" kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Nashukuru sana," akasema, taratibu vile vile. "Wenye filamu hizi walishatuletea malalamiko siku nyingi. Sauti tulikuwa nayo. Mtu ndiye tulikuwa hatuna."

Nilisikia projekta inanguruma. Nilisikia mtu wa nyuma anasema, "Yesu wangu." Halafu nikamsikia Side, anacheka kwa pua.

"Kibali cha filamu hizi unacho, ndugu Kibatari?"

Nikafungua mdomo, kikatoka hiki: "Nina kibali cha mke wangu." (Kwa nini? Sijui. Na hata hicho kilikuwa uongo.)

Walicheka, mimi nikaanza kuogopa kweli kweli. Niliona sufuria ya Neema, nikaona kikombe cha Glory. Nikamwambia yule mama, sauti imeisha kabisa, "Mheshimiwa, ndiyo inayotulisha hiyo. Sina kingine." Mama Shamsa naye akadakia kutoka juu ya kiti, "Usimfunge, mama, ni mtoto wa watu!"

"Simfungi mtu," afisa akasema. "Sheria bado inajadiliwa, na hoja yako, mama, nitaifikisha: watu wanataka kuona waelewe, na wenye filamu hawajawafikia. Lakini huyu mzee wa Moshono naye alipika ubwabwa. Filamu za watu zitoke mtandaoni, hapa hapa, ninyi wawili. Mkikataa, wenye filamu wana haki ya kuwapeleka mahakamani, na ushahidi leo ukumbi mzima umeusikia."

Basi nikazifuta pale pale. Mbele ya watu. Kwenye projekta! Nabonyeza moja, inatoweka ukutani, ukumbi unaguna kama msibani. Mama Shamsa analia, "Jamani hiyo sijaona mwisho!" Nafuta nyingine, "Hiyo mama yangu yuko katikati!" Mzee Naftali, aliyesema fungia zote, naye akanong'ona, "Hiyo ya nyambizi ungeiacha mwisho, tujue yule shemeji alifanywaje." Nilijisikia kama mtu anayechinja kuku wake mmoja mmoja huku majirani wanawaita kwa majina.

Na Side pembeni yangu naye anafuta zake. Bando likamwishia. Nikamwashia la kwangu. Ndiyo, mwizi wangu alifuta muvi zangu kwa bando langu.

Natoka nje nimeinamisha kichwa, afisa akaniita. Nikajua pingu hizo. Akasema, "Una kipaji wewe. Tunatafuta mtu wa kutusomea tangazo la kuelimisha wananchi. Linalipwa. Tunataka sauti ambayo watu wanaijua tayari."

Nyumbani Neema alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. "Mdomo uliufungua?"

"Kidogo."

Nilimweleza yote, akakaa chini kwenye ngazi, akalia kidogo, halafu nilipofika kwenye "kibali cha mke wangu" akacheka mpaka mtoto akaamka. Kisha akaingia ndani akalitoa blanketi akanipa. "Kafanye kazi," akasema.

Kwa hiyo wanangu, kuanzia wiki ijayo litapita gari la matangazo huko mitaani kwenu. Mtasikia, "Kibatari kimewaka! Kaeni mkao wa kula! Ndugu mwananchi, muvi za wizi ni adui wa msanii." Ni mimi. Naombeni sana, kicheko mkibane mpaka gari likate kona. Na mkisikia jogoo anawika katikati ya tangazo, jueni hilo ndilo la kwangu halisi, si la Side.